Kicheko cha Kioo na Utani wa Munisagara

Kila panapozungumzwa habari ya kuporomoka kwa utamaduni, kidole cha kwanza huelekezwa kwenye wimbo wa kigeni. Lawama hiyo ina umri wake. Mwaka 1969 Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule ndio uliokuwa na Dar es Salaam ndani yake, ulipiga marufuku muziki wa soul kwa hoja kwamba unawapotosha vijana. Muziki wa kantri hukumu yake imebaki ya barazani tu, lakini mashitaka ni yaleyale. Mkulima wa Kilosa ana nini na Jim Reeves? Dolly Parton amemjulia wapi mamantilie wa Mikumi? Kenny Rogers na Don Williams wameingiaje katika redio ya mtu ambaye hajapata kumwona mchunga ng'ombe wa Texas?

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya huruma, nayo hayana huruma ndani yake. Anayeyauliza aghalabu amekaa mbele ya televisheni, anakiangalia kichekesho cha Kiswahili kitupu, kilichotungwa na wenyeji na kuchezwa na wenyeji, ambamo huyohuyo mkulima wa Kilosa ndiye mjinga: suruali imeishia juu ya vifundo, l na r zinabadilishana nafasi, macho yanaishangaa ngazi ya umeme. Ukumbi unacheka. Hapo mlinzi wa utamaduni hasemi kitu. Kwake yeye adui ni yule aliyekufa Marekani zamani, wala si huyu anayelipwa kila wiki kumfanya mwananchi mwenzake kinyago.

Hebu Munisagara ichukuliwe kuwa shahidi. Ni kituo cha reli ya kati, magharibi ya mji wa Kilosa, ndani ya bonde la mto Mkondoa, na jina lake limeubeba Usagara waziwazi. Kabla ya reli, bonde hilo lilikuwa njia ya misafara baina ya Bagamoyo na bara; kisha Wajerumani wakaitandika reli kati ya 1905 na 1914, nayo ikafuata takriban nyayo zilezile za wapagazi. Mto na reli havijapata kupatana. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukaing'oa njia baina ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasita kwa miezi. Aliyezaliwa kando ya njia kama hiyo anayajua mambo mawili ambayo nyimbo nyingi za kantri zimejengwa juu yake: kwamba treni huwachukua watu, na kwamba haiwarejeshi wote.

Hapo basi ndipo mshangao wa mlinzi wa utamaduni unapopoteza nguvu zake. Jimmie Rodgers, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki huo, alikuwa mfunga breki wa treni huko Mississippi kabla ya kifua kikuu kumtoa kazini; alianza kurekodiwa mwaka 1927 na akafa 1933. Na katika jukwaa la redio la Nashville, lile lililokuja kuwa hekalu la muziki huu, mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, aliyeweza kuitoa treni nzima katika kinanda cha mdomo: pumzi ya mvuke, kengele, magurudumu yakipita juu ya maungio ya reli. Wasikilizaji wengi hawakujua rangi yake. Alipokuwa safarini na wenzake, hoteli ziliwapokea wao zikamkataa yeye. Mwaka 1941 akafukuzwa jukwaani, akaishi kwa kung'arisha viatu vya watu. Alikufa 1982, na jina lake likaingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki huo mwaka 2005, wakati kiatu hakimfai tena. Ongeza juu ya hayo kwamba banjo, ala inayotajwa kuwa ndiyo roho ya mashamba ya wazungu wa kusini, asili yake ni Afrika ya Magharibi, ilivuka bahari na watumwa. Ni mali ya nani basi inayomwibia utamaduni mtu wa Munisagara?

Haki lazima isemwe yote. Wafanyabiashara wa Marekani katika miaka ya 1920 waliugawa muziki wa maskini katika mafungu mawili, sahani za weusi mbali na sahani za weupe, ingawa waliokuwa wakipiga walikuwa wakifundishana uani. Jim Reeves aliizuru Afrika Kusini mwaka 1962, siku za ubaguzi mkali, na akaimba kwa Kiafrikaana. Anayependa sauti yake asifichwe hayo. Lakini wimbo ukishatoka mikononi mwa muuzaji huwa na safari zake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, aliwakuta wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Alikuwa ni Jimmie Rodgers. Sahani zake za santuri zilifika huko na Wazungu, wasichana wakaisikia sauti isiyo na mwili, wakampa miguu ya kufaa vilima vyao na kumwita aje kucheza. Hao ndio wanaoambiwa wametekwa akili! Waliomteka mwenziwe ni wao. Na leo Kenya ina waimbaji wake wa kantri, akiwamo Sir Elvis, ambao ukumbi ukijaa hujaa kwa watu waliokulia mashambani na kuyakumbuka.

Mfasiri anayejaribu kulitia jina la muziki huu katika Kiswahili hukwama kwenye neno la kwanza. Kiingereza kina neno moja lililobeba maana ya nchi na maana ya shamba. Mwimbaji wa Tennessee akilitamka, taifa lake na kibanda cha babake hupanda jukwaani pamoja. Kiswahili kimevitenga vitu hivi. Nchi ina bendera, ina wimbo, ina mashujaa. Shamba limezaa mshamba, na mshamba si mtu anayelima, ni tusi. Hapa visiwani mpaka wenyewe ni mwembamba: kuna waliokaa Mji Mkongwe ambao kwao ushamba ulianzia ng'ambo ya daraja. Ndipo ikapatikana ile methali ya jogoo la shamba kutowika mjini, methali ambayo husomeshwa skuli kama kwamba ni elimu ya ndege. Mbaraka Mwinshehe, kijana wa Mzenga, Kisarawe, aliwika Morogoro na Morogoro Jazz, akawika Osaka katika maonyesho ya dunia ya 1970, na alipokufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwaka 1979 nchi mbili zilimlilia. Methali haikurekebishwa.

Kumbe Usagara una elimu yake ya kuchekana, tena kongwe kuliko televisheni zote. Ni utani. Wanyamwezi waliopita na mizigo, na watu wa njiani, Wasagara na Wazaramo miongoni mwao, walitaniana na wazao wao bado hutaniana. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na T. O. Beidelman katika miaka ya 1960 akauandikia utani wa Wakaguru, majirani wa kaskazini. Lakini hahitajiki mtaalamu kuueleza. Mtani humtukana mtaniwe mbele ya kadamnasi: ukoo wake, chakula chake, lafudhi yake, namna mababu zake walivyokimbia vita. Anayetukanwa akikasirika, aibu ni yake.

Hiyo ndiyo nusu inayojulikana na kila mtu, na ndiyo nusu iliyohamishiwa kwenye kioo. Nusu ya pili imeachwa kijijini, labda kwa sababu haina faida ya matangazo. Kwanza, tusi la mtani lina jibu. Aliyetukanwa leo ana haki ya kutukana kesho, na mwenye kinywa kizito husaidiwa na shangazi. Pili, tusi lina deni. Msiba ukitokea, mtani hufika. Huigiza mwendo wa marehemu, hukohoa kikohozi chake, huwasimanga wafiwa kwa ubahili, huweza hata kujilaza pale kaburini na kusema hatoki mpaka alipwe. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na ndani ya kicheko hicho chakula hupita kooni kwa mara ya kwanza tangu jana. Na zile kazi za msiba ambazo jamaa wa damu wanaziogopa, mwiko wao au uchungu wao ukiwazuia, ni za mtani huyohuyo. Hucheka akiwa ameshika jembe.

Kioo hakina msiba. Hapo ndipo ulipo ugomvi wote.

Televisheni ilianzia hapa visiwani, ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa zile takriban miaka ishirini kicheko cha Bara kilikuwa cha sikio, na Radio Tanzania iliwatoa Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili ambao ujanja wao ulikuwa ukiwarudia wenyewe. Msikilizaji hakuwaona suruali. Waligombana wao kwa wao na kuzidiana akili wao kwa wao; ulikuwa ni utani uliopandishwa hewani, hakuna aliyeachwa bila ya jibu. Ilipokuja picha, na khasa katikati ya miaka ya 2000 pale Ze Comedy ilipowakusanya watu kwenye EATV, na wasanii wake wakahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, kicheko kilipata macho. Vijana wale walikuwa na kipaji cha kweli, na walipowaiga wakubwa na taarifa za habari walifanya kazi njema iliyokuwa na hatari ndani yake. Lakini nyuma yao na pembeni yao liliota pori la vichekesho ambavyo mtaji wake ni mmoja tu: lafudhi. Msichana wa kazi lazima atoke Iringa, ombaomba lazima awe Mgogo, mlinzi wa geti awe Mmasai mwenye Kiswahili cha vipande vipande. Mwandishi akikosa kituko humleta mtu wa kijijini, na kituko kimepatikana.

Hujibiwa kwamba ni utani tu, mila zetu hizo. Si utani. Mgogo aliye Gulwe hana kipindi cha kumwiga mtayarishaji wa Dar es Salaam anavyoongea na simu. Msichana wa kazi, ambaye mara nyingi husimama mlangoni akikiangalia kipindi hichohicho na tajiri wake, hana zamu ya kujibu. Akicheka amejicheka, akinuna ataambiwa ana kiburi. Mtani halisi angechangia sanda ya babake. Mchekeshaji hata jina la kijiji chake halijui. Kuchukua uhuru wa mtani bila ya mzigo wa mtani ni sawa na kula hitima ya mtu ambaye mazishi yake ulikataa kuhudhuria.

Na si jambo la suruali peke yake. Wilaya ya Kilosa haihitaji kufundishwa habari za wachunga ng'ombe. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulikatisha roho za watu 38. Haisemwi hapa kwamba kichekesho kiliua, kwani ardhi na maji vilitosha kuwa sababu. Linalosemwa ni kwamba mahali kama pale, Mmasai si mlinzi wa geti wa kuchekwa Jumapili jioni. Ni jirani ambaye kuna damu baina yake na mwenziwe, na mwenye kutaka kumchekesha mmoja juu ya mwingine anahitaji ruhusa ya wote wawili. Watani waliipata ruhusa hiyo kwa muda mrefu sana wa kuzikana. Mtunzi wa michezo anadhani ameizaliwa nayo.

Kuna mfano mwingine kutoka wilaya hiyohiyo, nao ni mkubwa zaidi kwa sababu umeingia hadi bungeni. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara akigawa karatasi za Kijerumani zitiwe alama, na Mangungo wa Msovero akatia yake. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani aliitolea kampuni ya Peters hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Tangu hapo Mangungo ni kichekesho cha taifa. Kiongozi akitia saini mkataba mbovu huambiwa amefanya ya Mangungo; watoto wa skuli hucheka; wachora katuni humchora akifurahia kipande cha nguo. Hebu mtu atulie aitazame mizani hiyo. Mzee wa Kisagara asiyejua herufi moja ya Kijerumani, aliyesomewa hati hiyo na mgeni kwa kadiri mgeni alivyopenda isomwe, ndiye mfano wa upumbavu. Mkataba wa dhahabu ya Buzwagi ulitiwa saini London mwaka 2007 na watu waliosoma, wenye wanasheria, katika lugha waliyoifanyia mitihani. Bunge likawaka moto, na mbunge aliyeuhoji ndiye aliyesimamishwa. Hakuna mtoto anayewatumia hao kama methali. Badala yake waliozozana walirushiana jina la Mangungo, kwa hivyo hata kosa la London lilipotafutiwa sura lilivishwa sura ya Msovero. Kicheko kimeteremka mlima kama maji ya Mkondoa, kikamkuta aliye bondeni.

Kinaweza kupanda pia. Joseph Haule, aitwaye Professor Jay, aliimba mwaka 2001 wimbo wa mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukimwitikia kila ahadi. Ndani yake anachekwa mwenye kipaza sauti, na umati nao unachekwa kwa kuitika, kwa hivyo hakuna anayetoka msafi. Wimbo huo unaitwa "Ndio Mzee", nao ulishika kote, mjini na shamba, bila ya kumwazima mtu lafudhi. Mwaka 2015 watu wa Mikumi wakamchagua mwimbaji huyo kuwa mbunge wao hadi 2020. Wakawa na mbunge ambaye kila akipanda jukwaani kuahidi, wimbo wake mwenyewe unamsubiri pale chini. Huko ndiko kutaniana. Alijitengenezea deni, na wapiga kura walikuwa na risiti.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba haya ni maneno ya Bara. Katika michezo ya Dar es Salaam yumo Mpemba, mwenye duka, anayeanza kila sentensi kwa yakhe, na Wazanzibari humnunia mwandishi wa Bara kwa hilo. Wananuna kwa haki. Kisha hao hao, wakiwa Unguja mjini, humcheka Mpemba kwa mambo yaleyale, na humcheka mtu wa Makunduchi akifungua kinywa kwa Kikae chake, lahaja yenye maneno ambayo mshairi wa mjini akiyapata katika utenzi wa kale huyafanyia tafsiri na kujisifu. Nyani haoni kundule. Ilhali Makunduchi yenyewe ina Mwaka Kogwa, ambapo watu wa pande mbili hupigana kwa makuti ya mgomba na wanawake huimbiana maneno makali hadharani ili kinyongo cha mwaka kimalizike, na wote wakala pamoja. Na taarabu, kwa kelele zote zinazopigwa dhidi ya mipasho, haijamnyima mtu jibu: aliyepigwa dongo huinuka, hutoka na fedha yake, hutunza, na wiki ijayo huja na wimbo wake. Waliolumbana kwa mashairi tangu Muyaka na wenzake wa Lamu walizijua kanuni hizo. Tungo lilipelekwa, tungo likarejeshwa, na mwenye kutuma bila ya kungoja majibu hakuitwa mlumbi.

Jambo la ajabu ni kwamba wimbo wa kantri, mgeni huyu anayeshitakiwa, umezishika kanuni hizo vizuri zaidi kuliko kioo cha nyumbani. Mwimbaji wake hujicheka mwenyewe: yeye ndiye mlevi, yeye ndiye aliyeachwa, gari bovu ni lake, na lafudhi ya shamba ni sauti yake ya kuzaliwa, hakuiazima kwa dakika tano. Mtu wa Munisagara anayemsikiliza jioni huenda haelewi robo ya maneno. Anachokielewa ni kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu wa shamba amesimama mbele ya watu, ameongea kama babake alivyoongea, na ukumbi ukanyamaza ukamsikiliza. Kwa Kiswahili, kwenye kioo, hajaoneshwa hilo.

Tangu 2024 treni ya umeme hupita Kilosa, huingia katika mahandaki ya milima ya Usagara na kutokea upande wa pili kabla abiria hajamaliza kikombe cha chai. Safari ni nyepesi sasa, udhuru wa umbali umekwisha. Basi mtayarishaji mmoja wa vichekesho, kabla ya msimu wake ujao, na akate tiketi, ashuke Kilosa, apande lolote litakalomfikisha Munisagara, na aulize palipo msiba. Afike na kipaji chake chote. Amwige marehemu mbele ya mjane, mwendo wake, kikohozi chake, matamshi yake, kama anavyowaiga walio hai kila wiki. Wenyewe watamsikiliza, kwani hawana uchoyo wa kucheka. Kisha watamuuliza jembe lake liko wapi.